Neno "genocide": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa waandishi wa habari, walimu, wanafunzi wa sheria, wafasiri na yeyote anayekutana na neno la Kiingereza "genocide", yaani mauaji ya kimbari, akabaki na maswali. Majibu mengine ni mafupi. Mengine yamerefuka kwa sababu jambo lenyewe ni zito, na limeugusa ukanda wetu kwa namna ambayo sehemu nyingi za dunia hazijaguswa.

Neno hili lina umri gani?

Halijatimiza hata miaka 100. Lilichapishwa kitabuni mara ya kwanza Novemba 1944 nchini Marekani, katika kitabu kinene cha sheria kilichoeleza jinsi Ujerumani ya Hitler na washirika wake walivyozitawala nchi walizozivamia Ulaya. Mwandishi wake alikuwa Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland. Sura ya tisa ya kitabu hicho ina neno moja tu kama kichwa: Genocide. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo gazeti la Washington Post lilichapisha tahariri yenye kichwa hichohicho, na tangu hapo neno likawa la watu wote.

Mambo yenyewe, bila shaka, ni ya kale kuliko neno. Agosti 1941 Winston Churchill, akizungumza redioni kuhusu mauaji yaliyofanywa na majeshi ya Ujerumani katika ardhi ya Muungano wa Sovieti, alisema dunia ilikuwa mbele ya uhalifu usio na jina.

Limeundwaje?

Limeunganishwa vipande viwili. "Genos" ni Kigiriki, maana yake watu wa asili moja, ukoo, kabila. "-cide" inatokana na kitenzi cha Kilatini "caedere", kuua. Lemkin mwenyewe alieleza kwamba alifuata mfano wa maneno yaliyokuwapo tayari katika Kiingereza: "homicide" ni kuua mtu, "infanticide" kuua mtoto mchanga, "tyrannicide" kumuua mtawala dhalimu. Katika tanbihi ya kitabu chake alisema neno "ethnocide" lingeweza kubeba wazo hilohilo. Leo wasomi wengi wamelipa hilo la pili maana nyingine: kuua utamaduni wa watu bila lazima ya kuwaua watu wenyewe.

Lemkin alikuwa nani hasa?

Alizaliwa mwaka 1900 kijijini karibu na Wolkowysk, eneo lililokuwa chini ya Dola ya Urusi na ambalo leo liko Belarus. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Lwów, mji ambao sasa unaitwa Lviv na uko Ukraine. Alikuwa kijana wa miaka 20 tu pale Talat Pasha, mmoja wa viongozi walioendesha maangamizi ya Waarmenia katika Dola ya Uthmaniya, alipopigwa risasi mjini Berlin, Machi 1921, na kijana Mwarmenia aliyepoteza ndugu zake. Lemkin alilikumbuka tukio hilo maisha yake yote. Swali lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulijibu: inakuwaje mtu akimuua mtu mmoja ashtakiwe, na serikali ikiangamiza taifa zima pasiwe na mahakama ya kuiuliza? Jibu la wanasheria wa wakati ule lilikuwa kwamba nchi ina mamlaka juu ya raia wake, na jirani hana la kusema.

Mwaka 1933 alipeleka pendekezo kwenye mkutano wa wanasheria uliofanyika Madrid. Alitaka makosa mawili yatambuliwe kimataifa. La kwanza, aliloliita "ushenzi", lilihusu kuangamiza watu wa kundi fulani. La pili aliliita "uvandali", nalo lilihusu kuharibu kazi za sanaa na utamaduni za kundi hilo. Hakusikilizwa.

Septemba 1939 Wajerumani walipoivamia Poland, alikimbia. Alipitia Lithuania hadi Sweden, na huko Stockholm akaanza kazi ambayo mimi naiona ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata: kukusanya amri. Amri za kawaida kabisa, zilizochapishwa kwenye magazeti ya serikali katika nchi zilizokaliwa: nani apate chakula kiasi gani, nani aruhusiwe kuoa, shule ipi ifungwe, lugha ipi isitumike, mali ya nani ichukuliwe. Amri moja ukiisoma peke yake ni karatasi ya ofisi tu. Zikiwekwa pamoja, Lemkin aliona mpango. Mwaka 1941 alivuka Muungano wa Sovieti na Japani hadi Marekani, akafundisha Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, na kutokana na amri zile akaandika kitabu chake. Vita vilipokwisha akagundua kwamba ndugu zake 49 walikuwa wameuawa, wazazi wake wakiwamo.

Alifariki Agosti 1959 mjini New York, akiwa maskini, baada ya kuanguka kwenye kituo cha basi.

Kwa hiyo genocide ni kuua watu wengi sana?

Hapana, na hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, kwenye magazeti yetu na hata vyuoni. Idadi peke yake haitoshi. Kinachoitofautisha genocide na makosa mengine ni nia: kukusudia kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, kwa sababu tu ni kundi hilo. Anayeuawa hauawi kwa alilofanya. Anauawa kwa alivyozaliwa.

Kisheria maana inayotumika ni ile ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari, uliopitishwa Paris tarehe 9 Desemba 1948 na kuanza kutumika tarehe 12 Januari 1951. Ibara ya pili inataja makundi manne: la kitaifa, la kikabila, la rangi na la kidini. Kisha inataja matendo matano. La kwanza ni kuwaua watu wa kundi. La pili ni kuwasababishia madhara makubwa ya mwili au ya akili. La tatu ni kuwawekea kwa makusudi hali ya maisha itakayowamaliza, kwa mfano kuwanyima chakula, maji au dawa. La nne ni kuchukua hatua za kuzuia wasizae. La tano ni kuwachukua watoto wao kwa nguvu na kuwapeleka kwenye kundi jingine.

Soma tena hayo mawili ya mwisho. Hakuna panga wala risasi, lakini baada ya vizazi viwili kundi halipo.

Mbona vyama vya siasa na matabaka hayamo?

Kwa sababu mataifa yaliyojadili mkataba hayakukubaliana. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 1946, lililotangulia mkataba, liligusia pia makundi ya kisiasa. Kufikia 1948 yalikuwa yameondolewa. Muungano wa Sovieti ulikuwa miongoni mwa waliopinga, ingawa haukuwa peke yake. Utamaduni nao uliondolewa, na hilo lilimuuma sana Lemkin, maana kwake kuchoma maktaba na kupiga marufuku lugha vilikuwa sehemu ya maangamizi yaleyale.

Pengo hilo lina athari hadi leo. Chukua Kambodia. Utawala wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, ulisababisha vifo vya zaidi ya watu milioni moja na nusu. Lakini mahakama iliyoundwa kuwahukumu viongozi wake ilipotoa hukumu Novemba 2018, kosa la genocide lilihusu Wavietnamu na Waislamu wa Kicham. Wakambodia wenyewe wa kabila la Khmer, ambao ndio wengi waliokufa, walihesabiwa chini ya uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Je, huo uhalifu dhidi ya ubinadamu ni mdogo kuliko genocide?

Sheria haisemi hivyo. Ni kosa jingine lenye uzito wake: mashambulizi mapana au ya mpango dhidi ya raia, bila haja ya kuthibitisha nia ya kuangamiza kundi. Kitu kimoja cha kushangaza ni kwamba Hersch Lauterpacht, aliyechangia sana kuliingiza kosa hili katika kesi za Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Ujerumani ya Hitler baada ya vita, naye alisoma sheria Lwów, chuo kilekile cha Lemkin. Lauterpacht alitaka sheria imlinde mtu mmoja mmoja. Lemkin alitaka ilinde kundi. Huko Nuremberg neno genocide liliingia kwenye hati ya mashtaka ya 1945, lakini majaji hawakulitumia katika hukumu yao ya 1946.

Ni mahakama gani ya kwanza kumtia mtu hatiani kwa kosa hili?

Kwa mahakama za kimataifa, ni ile iliyokaa Arusha. Hili watu wengi wa Afrika Mashariki hawalijui, na inasikitisha.

Baraza la Usalama liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda tarehe 8 Novemba 1994. Rwanda yenyewe, iliyokuwa mjumbe wa Baraza hilo wakati ule, ilipiga kura ya hapana. Moja ya sababu ni kwamba mahakama haikuwa na adhabu ya kifo. Vikao vilifanyika katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, na tarehe 2 Septemba 1998 majaji Laïty Kama, Lennart Aspegren na Navanethem Pillay walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba. Miaka 50 ilikuwa karibu kutimia tangu mkataba upitishwe, na ndiyo kwanza mahakama ya kimataifa inalitumia kosa hilo kumhukumu mtu. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji, ambaye alikuwa amekiri kosa, alihukumiwa kifungo cha maisha.

Kesi ya Akayesu inastahili kusomwa kwa makini na yeyote anayeshughulika na lugha. Majaji walikabiliwa kwanza na swali la kundi. Watutsi na Wahutu wanazungumza lugha moja, wanaishi kwenye vilima vilevile, wanasali makanisa yaleyale. Ni kabila gani hapo? Mahakama ilitazama, pamoja na mambo mengine, kitambulisho. Tangu miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, kila Mnyarwanda alibeba karatasi iliyoandikwa "ubwoko" wake, yaani kabila lake, na mwaka 1994 karatasi hiyohiyo ndiyo iliyoombwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kama kundi linatambuliwa na serikali, na jirani, na muuaji, na mwenyewe anayeuawa, basi lipo.

Kisha lilikuja suala la maneno. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda, na maneno yao yalipita kwenye Kifaransa kabla ya kufika kwenye Kiingereza. Mahakama ilimwita mtaalamu wa isimu aeleze maneno kama "Inyenzi", yaani mende, yalibeba maana gani yaliposemwa hadharani mwezi Aprili 1994, na mashahidi wa kike walimaanisha nini walipotumia maneno ya staha kusimulia ubakaji. Ubakaji haukuwamo katika mashtaka ya mwanzo. Mwanamke mmoja aliusimulia kizimbani, majaji wakafuatilia, na Juni 1997 mashtaka yakarekebishwa. Hukumu ikasema kwamba ubakaji nao unaweza kuwa tendo la genocide ukifanywa kwa nia ile ya kuangamiza. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imelisema hilo kabla yake.

Kwa Kiswahili niandike "mauaji ya kimbari" au "mauaji ya halaiki"?

Kama unamaanisha genocide, andika mauaji ya kimbari.

Mbari ni ukoo, watu wa nasaba moja. Neno hilo linakaa karibu sana na "genos" ya Kigiriki, na aliyelichagua alifanya kazi nzuri. Halaiki ni umati. Kwa Mtanzania neno hilo humkumbusha vijana waliopangwa uwanjani siku ya sherehe za taifa. Mauaji ya halaiki, basi, ni kuua watu wengi kwa pamoja, wawe nani wawe. Mlipuko wa bomu sokoni ukiua watu 80 wa kila aina ni mauaji ya halaiki. Kosa la kutupa watoto wa kundi mikononi mwa kundi jingine si mauaji ya halaiki hata kidogo, lakini linaweza kuwa genocide.

Hapo nakiri Kiswahili kina mzigo uleule wa Kiingereza: neno "mauaji" linamfanya msomaji asubiri maiti. Ukiandika habari ambayo ndani yake kuna uhamisho wa watoto au kuzuia uzazi, usiliachie neno lijieleze lenyewe. Ongeza sentensi moja inayotaja ibara ya pili inasema nini.

Na tafadhali epuka "mauaji ya kikabila" unapozungumzia Rwanda. Msomaji ataelewa ugomvi wa makabila mawili, huku na huku. Ndivyo vyombo vingi vya nje vilivyoripoti Aprili 1994, na picha hiyo ya vurugu zisizo na mwenyewe iliwarahisishia wakubwa kukaa kando wakati RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji, ikiwataja watu kwa majina na mahali walipo.

Wanyarwanda wenyewe wanasemaje?

Husema "jenoside", waliyoichukua kutoka Kifaransa, na jina rasmi ni Jenoside yakorewe Abatutsi, yaani mauaji ya kimbari waliyofanyiwa Watutsi. Zamani kidogo lilisikika zaidi "itsembabwoko", kumaliza ubwoko. Januari 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba siku ya kumbukumbu, 7 Aprili, itaje Watutsi kwa jina. Wahutu waliouawa kwa kupinga mauaji au kwa kuwaficha majirani hawasahauliki kwa sababu hiyo. Jina linaeleza nia ya waliopanga.

Kwa nini serikali huliogopa neno hili?

Kwa sababu ibara ya kwanza ya mkataba inazitaka nchi zizuie. Ukikubali kwamba jambo ni genocide, utaulizwa unafanya nini.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye kumbukumbu za 1994. Taarifa ya rais wa Baraza la Usalama ya tarehe 30 Aprili ilieleza kosa kwa maneno yaleyale ya mkataba, bila kutaja jina lake. Tarehe 8 Juni azimio namba 925 lilitaja "matendo ya genocide". Siku mbili baadaye msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alirudia usemi huohuo mbele ya waandishi, na mmoja akamuuliza ni matendo mangapi ya genocide yanahitajika ili ipatikane genocide. Hakuwa na jibu. Wiki tisa zilikuwa zimepita tangu mauaji yaanze, na wengi wa waliouawa walikuwa wameshauawa. Machi 1998 Rais Bill Clinton alikwenda Kigali akakubali kwamba hawakuyaita mambo kwa jina lake halisi kwa wakati.

Kisheria wajibu huo si amri ya kupeleka jeshi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia iliyoamuliwa Februari 2007, ilisema kila nchi inatakiwa kufanya lililo ndani ya uwezo wake, na mwenye ushawishi mkubwa kwa wauaji anawajibika zaidi. Serbia ilikutwa imeshindwa kuzuia mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995.

Je, vita vya Majimaji vilikuwa genocide?

Wasomi wanatofautiana, nami nitasema ninavyoona. Kati ya 1905 na 1907 Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya kusini mwa Tanganyika, wakaifanya njaa kuwa silaha. Makadirio ya vifo yanafika watu laki mbili na nusu hadi tatu, wengi wao kwa njaa. Kwa ukubwa wa maangamizi hakuna la kubishania. Ugumu uko kwenye nia. Namibia, iliyokuwa koloni la Ujerumani, kuna amri ya Jenerali von Trotha ya tarehe 2 Oktoba 1904, iliyoandikwa, dhidi ya Waherero kama kundi, na Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilitumia neno genocide kwa yaliyotokea huko. Kwa Majimaji, waliopigwa walikuwa makabila mengi, na lengo linaloonekana kwenye nyaraka ni kuvunja uasi kwa gharama yoyote. Wapo wanaosema gharama ile yenyewe inathibitisha nia, na hoja yao si dhaifu. Rais Frank-Walter Steinmeier alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 aliomba msamaha, na akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, ambalo familia yake bado inalitafuta.

Na Burundi 1972?

Warundi wanauita mwaka ule "Ikiza", yaani janga. Kuanzia mwishoni mwa Aprili, jeshi lililotawaliwa na Watutsi liliua Wahutu, likianza na waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali. Makadirio huanzia watu laki moja. Waliokimbilia Tanzania wakajenga maisha Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengi wa watoto wao ni Watanzania leo. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba ilikuwa genocide dhidi ya Wahutu. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kuisikiliza.

Holocaust na genocide ni kitu kimoja?

Holocaust ni jina la tukio moja, maangamizi ya Wayahudi wapatao milioni sita. Limetokana na Kigiriki, na maana yake ya asili ni sadaka ya kuteketezwa nzima, ndiyo maana wengi hupendelea kusema Shoah. Genocide ni jina la kosa.

Naweza kulitumia kabla mahakama haijaamua?

Unaweza, mradi useme ni nani anayesema. Gambia ilifungua kesi dhidi ya Myanmar mwaka 2019 kuhusu Warohingya, na Afrika Kusini ikafungua dhidi ya Israel Desemba 2023 kuhusu Gaza. Katika kesi zote mbili Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, ilitoa amri za muda, na amri ya muda si hukumu. Kichwa cha habari kinachosema "Mahakama yathibitisha" wakati kuna amri ya muda tu kinampotosha msomaji. Kwa upande mwingine, mwandishi anayekataa kulitaja neno hadi majaji wamalize atakuwa amechelewa, kwa kuwa mkataba unaanza na kuzuia, na hukumu ya Akayesu ilitoka miaka minne baada ya watu kuzikwa.

Nyaraka za kesi za Arusha ziko wapi sasa?

Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015 ikiwa imewashtaki watu 93. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa na chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi zake, katika majengo ya Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, yaliyozinduliwa Novemba 2016. Hukumu na nyaraka nyingi za kesi zinapatikana pia kwenye intaneti bila malipo. Ukianza na hukumu ya Akayesu, usiruke sehemu inayoeleza matatizo ya tafsiri.